Shimo la Kona ya Pili

Mtu akikwambia kuwa pikipiki ya tatu ndiyo iliyoingia ya pili, usimbishie. Muulize kwanza alikuwa amesimama wapi, kisha umuulize ni jamaa ya nani. Maswali hayo mawili yamenitosha tangu ujana wangu hadi juzi nilipokabidhi ufunguo wa stoo ya mbao za namba, na kama ninyi mnaobaki kazini mtasahau yote nitakayoandika hapa, hayo msiyasahau. Siku hizi mnahesabu pointi za mbio za baiskeli na magoli ya mipira, na watu wanawaamini. Mimi naliona jambo hilo kuwa la hatari kidogo, maana mtunza matokeo akiaminiwa sana huanza kusinzia.

Habari za vyeo na mshahara naziacha. Nilipandishwa nilipopandishwa, na waliopandishwa kabla yangu najua walivyopandishwa.

Nilizaliwa Shinyanga mjini. Baba alikuwa Mmanyema aliyekuja na biashara ya nguo, mama Msukuma wa Didia. Dukani kwetu baba alikuwa akimtazama mteja mikono kabla ya kumtazama uso, na hiyo ndiyo shule yangu ya kwanza. Nilipofikia umri wa kutafuta kazi, soko zima lilikuwa likizungumza dhahabu ya upande wa Geita, Waingereza wakiwa ndio wenye nchi. Nikapata nafasi juu ya lori lililokuwa limeshusha pamba na sasa linarudi magharibi. Karibu na Bugarama tulishushwa kulisukuma kwenye tope, na niligundua kwamba waliokuwa wakihema kwa nguvu kuliko wote ndio waliokuwa hawasukumi. Tukafika kambi moja ya machimbo ya Waingereza. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wenyewe wamekwisha ondoka, lakini huenda watoto wao wanasoma Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Karani wa kambi hakuniuliza kama najua kuchimba. Alinitandikia vitambaa vinne mezani, chekundu, cha buluu, cheupe na cha njano, akaniambia nitaje rangi. Nilikitazama kile chekundu, nikamtazama yeye, nikajiuliza mtego uko wapi. Nilipovitaja vyote akaniambia nimepata kazi, niende uwanjani kwa Baba Shija. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba kuna jambo nimefichwa.

Jambo lenyewe lilikuwa ni mbio za pikipiki, ambazo sisi tuliziita mbio za vumbi. Kwa faida ya ninyi msioziona, nitazieleza. Uwanja ni wa mviringo, na wapanda pikipiki wanne huzunguka mara nne, wakikata kona za kushoto tu. Pikipiki zenyewe hazina breki. Nilipoambiwa hivyo nilidhani wananitania, hadi nilipomwona Mwingereza mmoja akipita kwenye ua wa miti na kutokea upande wa pili. Wawili wa nyumbani hufunga kofia zao kitambaa chekundu na cha buluu, wawili wa wageni cheupe na cha njano. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hapati kitu, na aliyeanguka hapati kitu vilevile. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya jukwaa la miti na kutundika mbao za namba kwenye misumari ili kila mtu aone pointi za kila taifa.

Nasema taifa kwa sababu walikuwa na mashindano waliyoyaita ya mataifa. Waingereza wa kambi yetu walikuwa taifa moja. Wagiriki wa kinu cha pamba cha Shinyanga walikuwa la pili, na la tatu lilikuwa Makaburu waliochimba mwamba wao upande wa mashariki. Kila taifa lilikuja na wapanda pikipiki wake, mafundi wake na chupa zake, na kila taifa lilikuwa na hakika kwamba lile jingine linaiba. Katika hilo nilijisikia niko nyumbani.

Baba Shija alikuwa fundi wa uwanja. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole wa maneno, mwenye reki aliyojitengenezea kwa misumari ya reli. Aliposikia mama yangu ni wa Didia, alicheka.

"Basi mimi ni mjomba wako," akasema. "Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Wakifika kwenye mstari, usimtazame mtu. Mtu hudanganya kwa mabega. Tazama gurudumu la mbele."

Nimefanya kazi na watu wengi waliosoma na wasiosoma, na sijapata fundisho lililonifaa kuliko hilo. Alinifundisha pia kwamba vumbi hubadilisha rangi: baada ya mzunguko wa pili kitambaa cheupe na cha njano huwa ndugu, kwa hiyo umjue mtu kwa namna anavyoweka mguu chini kwenye kona. Na kabla ya kila shindano aliuzunguka uwanja wote akikanyaga kwa kisigino. "Reki husawazisha uso tu," alikuwa akisema. "Tumbo la uwanja utalijua kwa kisigino." Nilimpenda mzee yule. Nilimshuku pia, kama nilivyomshuku kila mtu, lakini nilimpenda.

Sasa niwaambie juu ya mchanga, kwa kuwa balaa lote lilianzia hapo. Kambi ilikuwa na kinu cha kusaga mwamba. Mwamba ukisagwa na dhahabu ikitolewa, mchanga uliobaki ulimwagwa lundo, na Meneja akaamuru mchanga huo ndio utandazwe uwanjani. Walisema hauna dhahabu tena. Sikuamini. Tangu lini mtu akamkamua ng'ombe mpaka tone la mwisho? Na kama kweli haukuwa na kitu, mbona tangazo lilibandikwa kwamba mchanga ni mali ya kambi, na atakayekutwa na unga wa dhahabu bila kibali atapelekwa jela, awe mwanamume au mwanamke?

Mke wake fundi, Mama Shija, aliuza uji penye lango pamoja na wanawake wenzake. Alikuwa mwanamke mwema, mcheshi, na uji wake ulikuwa mzito kama inavyotakiwa. Kasoro yake moja ilikuwa mdomo. Neno likiingia sikioni kwake asubuhi, kabla ya adhuhuri lilikuwa limeshafika kinuni, kwenye mashimo na kwa mpishi wa Meneja. Hakuwa na ubaya. Neno lilimwasha tu mpaka alitoe.

Siku moja tulikuwa tunakunywa uji, Baba Shija akawa anatueleza kwa nini kona ya pili humsumbua.

"Pale wanafungua moto wote," akasema. "Gurudumu linapepeta kama mwanamke na ungo. Mchanga mwepesi unaruka nje, mzito unabaki chini, unashikamana."

"Kumbe pikipiki nayo inajua kupepeta!" Mama Shija akasema, na wanawake wote wakacheka.

Mimi pia nilicheka. Hatukufikiri zaidi.

Watazamaji wetu walikuwa wachimbaji na wakulima wa jirani, nao walikuwa na hesabu yao. Kwao, pande mbili zikishindana kwa ngoma, mshindi ni yule anayevuta watu: watazamaji huhama kutoka upande huu kwenda ule, na uwanja wenyewe ukasema. Basi na kwenye pikipiki walifanya vivyo hivyo. Mpanda pikipiki akiwafurahisha, mamia ya watu walihamia upande wake, hata kama kwenye ubao wangu alikuwa na sifuri. Kisha walinitazama mimi juu ya jukwaa kama mtu aliyehongwa. "Ubao unasema uongo!" walipiga kelele. Mgiriki mmoja, Kosta, kijana mwembamba mwenye kucheka ovyo, ndiye waliyemhamia zaidi. Waingereza hawakulipenda jambo hilo, wakadhani kuna dawa. Na kwa kuwa katika ngoma za kwetu dawa hufukiwa uwanjani, mimi nami nilianza kutazama ardhi.

Ndipo nilipowaona wanawake. Kila baada ya mazoezi walikuwa nje ya kona ya pili, wameinama, bakuli mkononi. Nikamwambia Baba Shija kwamba wake zetu wanafukia dawa.

"Wanaokota mchanga ulioruka," akanijibu taratibu. "Wanakwenda kuuosha kwenye karai. Wanapata chembe mbili tatu. Hamisi, wewe ukiona mtu anapiga chafya unatafuta aliyemtuma. Waache. Mchanga ulioruka nje hauna kazi kwangu."

Nikawaacha. Lakini nilijua sasa kwa nini tangazo lile lilitaja wanawake.

Siku ya fainali walikutana Waingereza na Wagiriki. Makaburu walikuwa wamekwisha tolewa, kwa hiyo mmoja wao, ambaye sisi tulimwita Bwana Filimbi, akapewa uamuzi ili asiwe wa upande wowote. Mtu ambaye taifa lake limefungwa na mataifa yote mawili simwiti asiye na upande, lakini ndivyo walivyokubaliana. Asubuhi ile Baba Shija alipiga reki uwanja wote, na alipotaka kuanza kukanyaga kwa kisigino, Meneja alimwita akapange viti vya wake za wageni. Alikwenda huku akitazama nyuma.

Mbio ziliendelea hadi ikabaki moja. Ubao wangu ulionyesha Wagiriki mbele kwa pointi moja. Kosta akatoka wa kwanza, Waingereza wawili wakimfuata, Mgiriki wa pili akiwa nyuma kabisa. Hesabu ilikuwa rahisi: wakiingia hivyo, tatu kwa tatu, na Wagiriki wanashinda. Watu walikuwa wamekwisha hamia upande wa Kosta mpaka ua unapinda. Mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya pili, gurudumu lake la mbele likazama kama limekanyaga uji. Kosta akaruka, pikipiki ikapita juu ya bega lake, na Waingereza wakaingia wa kwanza na wa pili. Tano kwa moja. Nilikuwa nimeshika mbao za namba mkononi, Bwana Filimbi akanipigia kelele nisitundike.

Tukashuka wote hadi pale. Kosta alikuwa amekaa chini, anavuja damu kiwikoni, hacheki. Chini ya mchanga mwepesi uliosawazishwa na reki kulikuwa na shimo refu, na pembeni mwake alama za mviringo, moja karibu na nyingine, za chombo kilichokwangua. Mimi na Baba Shija tuliziona kwa pamoja. Uso wake ulibadilika, na hapo hapo nikaelewa. Wanawake hawakuridhika tena na mchanga ulioruka nje. Walikuwa wameingia ndani kuchukua ule mzito, wenye chembe, uliobaki chini, kama yeye mwenyewe alivyowaeleza akinywa uji.

"Nani nachimba hapa?" Bwana Filimbi akauliza.

Kanuni ilikuwa wazi. Kama uwanja umechakaa wenyewe, aliyeanguka ameanguka, na tano kwa moja zinabaki. Kama mtu ameuharibu, mbio zinarudiwa na mtu huyo anatafutwa. Wagiriki walisema Waingereza wamemhonga fundi. Meneja, mwekundu mpaka shingoni, alisema yeye hakumhonga mtu, na kama kuna mkono wa mtu hapa atamkabidhi bomani yeye mwenyewe.

Bwana Filimbi alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye alama zile. "Hii si reki," akasema. "Hii bakuli." Akageuka akatazama langoni, kwa wauza uji. "Askari! Leta bakuli yote. Leta karai yote. Angalia nyumba yote."

Nyumbani kwa Baba Shija kulikuwa na karai, na ndani ya karai kulikuwa na mchanga, na sijui ndani ya kitambaa gani kulikuwa na chembe. Nyumba nyingine vilevile. Niliona wanawake pale langoni wakishika watoto wao. Mama Shija alikuwa mbali, hasikii, anajaribu kuangalia juu ya mabega ya watu.

"Si bakuli, bwana," Baba Shija akasema. "Ni kata. Kata yangu ya kumwagia maji uwanja. Nimechimba mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nimechimba tu."

"Nani natuma wewe?"

"Hakuna."

Bwana Filimbi hakumwamini, na katika hilo alikuwa na akili kuliko wote waliokuwepo. Alimtazama, akatazama langoni tena. Baba Shija akaona yale macho yanakokwenda.

"Hamisi yuko juu ya jukwaa tangu asubuhi," akasema kwa sauti kubwa. "Aliniona. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Mjomba wangu alinitazama bila kupepesa, na mimi nilielewa anachoniomba. Maisha yangu yote nilikuwa nimeogopa kuambiwa nimesema uongo juu ya jukwaa lile. Bwana Filimbi akanisogelea.

"Wewe naona?"

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Nilimwona."

Askari wakaitwa warudi. Mbio zikarudiwa jioni ile ile, Kosta akiwa amefungwa kiwiko kwa shati la mwenzake. Aliingia wa kwanza tena, pointi zikawa tatu kwa tatu, Wagiriki wakashinda kwa ile moja yao. Niliutundika ubao huo kwa mikono yangu, matokeo ya halali yaliyopatikana kwa ushahidi wa uongo, na watu walishangilia kuwa safari hii ubao umesema kweli.

Baba Shija alipandishwa kwenye lori kupelekwa bomani. Nilimpelekea blanketi. Akainama kidogo kutoka juu.

"Mama Shija asijue," akasema. "Akijua atasema, na akisema wanafungwa wote. Watoto watabaki na nani? Lekaga, Hamisi. Liache hivyo hivyo."

Nimeliacha hivyo hivyo mpaka leo. Wote wawili wamekwisha tangulia mbele ya haki, kambi imefungwa, na kile kinu kimeuzwa kwa vipande, ndiyo maana naandika.

Nilidhani Mama Shija atalia. Siku chache zilizofuata alilia kweli, kisha akanijia na bakuli la uji, akakaa karibu nami, akashusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Hamisi, baba. Mjomba wako aliziweka wapi?"

"Nini, mama?"

"Hela. Hela za Waingereza. Mtu hachimbi shimo bure, akafungwa bure. Nimepekua darini, nimechimba chini ya kitanda. Hamna."

"Labda hakupewa kitu."

"We mtoto! Unajua kushuku dunia nzima, leo hujui?" Akanikazia macho. "Au kuna mwanamke?"

Nilitamani kumwambia. Nilikuwa na neno lote mdomoni: mama, shimo ni lenu, bakuli ni lako. Yeye alijua fika kwamba walichota pale, lakini kwake yale yalikuwa makonzi machache ya mchanga. Yatamwangushaje mtu juu ya pikipiki? Mumewe alikuwa amesema mwenyewe mbele ya watu kwamba alichimba, na shahidi alikuwa mimi. Nikanywa uji wake nikiwa nimeinamisha uso. Uliniunguza.

Baada ya hapo wanawake hawakukanyaga tena kona ya pili, kwa hofu tu. Mimi nilipewa reki pamoja na ubao. Kabla ya kila shindano nilizunguka kwa kisigino, na Meneja aliponiita kupanga viti nilijifanya kiziwi.

Baba Shija alirudi baada ya masika, amekonda, nywele zimeota mvi za haraka. Alikuja moja kwa moja langoni, akaketi kwenye gogo, na watu wakasogea kumwona. "Mwangaluka," akawasalimu. Waliitikia wachache. Mama Shija akamjazia bakuli, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyompasa mke, na hakumpa nafasi ya kumeza hata mara moja.

"Umerudi, Baba Shija. Tunamshukuru Mungu. Sasa niambie mbele ya watu hawa. Zile hela ziko wapi?"

Nilisimama. Nilikuwa tayari kusema yote, liwalo na liwe. Mzee akanitazama, kisha akautazama uso wa mkewe, akautazama kwa muda kama mtu aliyeukosa sana.

"Nilizila," akasema.

"Zote?"

"Zote."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Mama Shija alipiga makofi mara moja, akageukia wenzake. "Mmesikia? Mimi na watoto tunalala njaa, yeye kala peke yake!" Akaondoka pale akiwa amefunga kanga kiunoni, na kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kinuni, kwenye mashimo na kwa mpishi wa Meneja.

Kuanzia siku hiyo walimwita Mla Hela. Watoto walimwita hivyo njiani, na wanawake wa kona ya pili walimwita hivyo wakimuuzia uji. Walimwita hivyo mpaka tulipomzika, na kila walipomwita, aliitika.